Mguu wa kushoto umevimba tena, ule ule, na dozi nilimaliza. Mwenye uzoefu na selulaitisi naomba mawazo

Mpaa Samaki

Wakuu habari za majukumu. Naenda moja kwa moja maana mguu unauma hata kukaa ni mtihani.

Mimi napaa samaki Feri hapa Dar, kazi yetu mnaijua, kuanzia alfajiri umesimama, mabuti ya mpira mguuni, chini maji, barafu na magamba, ukivua buti mchana soksi unaikamua maji kabisa. Mwaka jana kipindi cha masika mguu wa kushoto ulivimba kuanzia kifundo mpaka karibu na goti, ukawa wa moto, ngozi imevutika inang'aa, usiku homa na kutetemeka nikajua malaria hii, kupima hamna malaria. Hospitali wakaniambia ni selulaitisi, yani bakteria wameingia kwenye ngozi na nyama laini ya chini yake. Nikachomwa sindano, nikapewa na vidonge, dozi nilimaliza yote sikubakisha hata kimoja, nasema mapema maana najua ndo swali la kwanza mtakaloniuliza. Ukapona, ngozi ikabanduka, nikabaki na weusi kwenye muundi na kauvimbe ka jioni jioni nikitoka kazini, sikukajali.

Sasa jana imerudi, na ni mguu ule ule. Ilianza jioni nasikia baridi wakati wenzangu wote wanalalamika joto, kwenye kinena cha kushoto tezi imesimama inauma nikigusa, kufika usiku homa, asubuhi mguu umeshajaa. Kidonda sina, sijaumia popote.

Nyumbani kila mtu ana lake. Bibi anasema nimekanyaga kitu, mke anataka anikande na maji ya moto na chumvi, jirani kaniletea Azuma tatu, ile antibayotiki ya dukani, anasema kunywa utaona. Mimi nataka kujua mambo mawili tu, kwanza kwa nini urudie mguu ule ule wakati dawa nilimaliza, na pili nitaishi nao vipi maana mimi nisiposimama watoto hawali.

Jicho la Tatu

Pole sana mkuu. Mimi sina mengi ila bibi usimpuuze. Mguu mmoja tu, tena ule ule, tena kidonda hamna, na hospitali ulishaenda ikarudi? Sehemu ya riziki kama hiyo watu wanategeana sana. Nenda hospitali sikatai lakini na upande wa pili uangaliwe.

Mzaramo Halisi

Jicho la Tatu tumeshaanza hahaha. Mkuu Mpaa Samaki, hiyo dalili ya baridi halafu mtoki halafu mguu ni ile ile ya wazee wetu wenye matende. Ulishawahi kupima matende? Uswahilini kwetu ukisikia mtu "mitoki imemshika" ujue kesho haendi shamba. Kuhusu Azuma, acha. Kila kitu siku hizi watu wanameza Azuma, kikohozi Azuma, tumbo Azuma.

Afisa Tabibu

Mpaa Samaki pole. Mimi ni tabibu, nipo kituo cha afya mkoani, naona miguu ya namna hii sana hasa mvua zikianza. Kabla ya kingine chochote, leo hii nenda hospitali, usisubiri majibu ya humu. Mtu mwenye homa, mtoki na mguu uliojaa ndani ya usiku mmoja anatakiwa aonwe, apimwe presha, mapigo, sukari, na aamuliwe kama atatibiwa kwa vidonge nyumbani au sindano za kwenye mshipa. Ukifika waambie wazi kwamba unafanya kazi ya samaki na maji ya bahari. Hilo watu huwa hawasemi na lina maana, kuna bakteria wa maji chumvi na wa samaki ambao dawa za kawaida za ngozi hazitoshi kuwaua, kwa hiyo anayekutibu akijua anaweza kubadilisha dawa.

Sasa swali lako la mguu ule ule, ni swali zuri na jibu lake ndo tiba yenyewe, wengi hawaelezwi.

Selulaitisi mara nyingi inaletwa na streptokokasi, wakati mwingine stafilokokasi. Hawa wadudu wengine wanaishi juu ya ngozi yako sasa hivi na hawakufanyi kitu mpaka wapate pa kupenya. Si lazima kidonda cha kuonekana. Mtu anakwambia sijaumia popote, ukimtenganisha vidole vya miguu, hasa kile kidogo na cha pembeni yake, unakuta ngozi nyeupe imelowana, imechanika, ina harufu. Hiyo ni fangasi, na huo mpasuko mdogo unatosha kabisa. Magaga ya kisigino nayo yanatosha, kuumwa na mdudu ukajikuna inatosha, funza inatosha. Wewe umekaa na buti lenye maji kuanzia alfajiri, naomba mwambie mkeo akuangalie katikati ya vidole na tochi ya simu halafu njoo utuambie kaona nini.

Kwa hiyo dozi uliyomaliza iliua bakteria waliokuwa ndani, ila pale walipoingilia palibaki wazi. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni mishipa ya limfu, ile mishipa myembamba inayorudisha maji ya mwilini juu kutoka miguuni. Kila selulaitisi inapopita inaharibu baadhi ya hiyo mishipa, inakuwa kama mtaro wa mtaani baada ya mafuriko, mchanga umejaa nusu, mvua ndogo tu maji yanasimama. Ndo hako kauvimbe kako ka jioni. Na ngozi yenye maji yaliyosimama bakteria wanaipenda, kinga ya mwili haifiki vizuri, hivyo shambulio la pili linakuja kirahisi kuliko la kwanza na la tatu kirahisi kuliko la pili. Ndo maana mguu ule ule. Jicho la Tatu nakuheshimu lakini mchawi hapa ni fangasi na uvimbe.

Usikandwe na maji ya moto. Ngozi iliyovimba hivyo inaungua haraka hata bila wewe kusikia, nimepokea watu wenye malengelenge ya kukandwa juu ya selulaitisi, tunatibu vitu viwili.

Kibo na Mawenzi

Dokta asante kwa shule. Naomba niongeze jambo, si kila mguu mmoja ukivimba ni bakteria. Shemeji yangu alijifungua kwa upasuaji, baada ya muda mguu wa kulia ukavimba kigimbi kinauma, duka la dawa wakampa antibayotiki, siku zinaenda mguu haupungui. Alipopelekwa kupiga ultrasaundi ya mishipa ikaonekana damu imeganda ndani ya mguu. Hiyo ni hatari maana bonge la damu likichomoka linaenda kwenye mapafu. Sasa kama angeendelea na vidonge vya dukani sijui tungekuwa tunaongea nini.

Afisa Tabibu

Kibo umesema kweli tupu. Damu kuganda mara nyingi hamna homa kali ya kutetemeka, na mtu anakuwa na historia, kajifungua, kafanyiwa upasuaji, kasafiri safari ndefu amekaa, kalazwa muda mrefu. Lakini kwa macho tu hata sisi tunachanganya, kwa hiyo kipimo kama kipo kifanyike. Na ikiwa ni miguu yote miwili imevimba sawasawa, mara nyingi siyo selulaitisi, hapo tunaanza kuwaza moyo, figo, ini au mishipa ya damu.

Mama Pangani

Assalaam alaykum wanangu. Nimesoma huyu kijana wa samaki nikaona niseme ninalolijua. Mama yangu mzazi alikuwa na tende la mguu wa kulia, Mungu amrehemu, amekaa nalo umri wake wote. Mimi ndiye niliyekuwa namhudumia. Kila baada ya muda mitoki inamkamata, homa, anaweweseka, mguu unakuwa moto ukiuwekea mkono unautoa. Sisi tukijua ndo ugonjwa wa matende ulivyo, hauna namna.

Akaja muuguzi wa wilaya wakati wa zile kampeni za kugawa dawa za matende na mabusha, akamfundisha kuosha mguu. Mimi nikacheka moyoni, mguu mzima huu unaponeshwa na sabuni? Basi nikafanya. Maji ya kawaida siyo ya moto, sabuni ya mche, unaosha kwa mkono taratibu siyo kwa dodoki, unaanzia goti unashuka, kila mkunjo wa ngozi unapita, kila katikati ya vidole. Unasuuza mpaka maji ya beseni yawe meupe. Halafu kukausha, na hapa ndipo penye kazi, nilikuwa nachukua kanga iliyochakaa ile laini nachana vipande vyembamba, kipande kinapita katikati ya vidole mbele nyuma mpaka kinatoka kikavu. Kisha dawa ya fangasi. Kila jioni, mvua au jua. Kisha anaweka mguu juu ya stuli yenye mto, anakunja na kukunjua kifundo huku anasikiliza redio.

Tende halikuondoka, lilibaki tende. Lakini zile homa zilipungua mpaka nikawa nasahau mara ya mwisho ilikuwa lini. Na mguu ukawa hauna harufu, akaanza tena kwenda shughulini kwa watu, kwa mwanamke wa pwani hilo si dogo.

Na kwenu mnaosali, udhu mara tano kwa siku miguu inalowana. Si kosa la udhu, ni kuvaa soksi na kiatu juu ya vidole vibichi. Weka kitambaa chako mfukoni ukaushe.

Mzaramo Halisi

Shikamoo mama. Hii ya vipande vya kanga naichukua.

Mama Pangani

Marahaba mwanangu.

Nesi Mtarajiwa

Shikamoo mama, umeeleza vizuri kuliko mwalimu wetu darasani kwa kweli. Kwa mkuu aliyeuliza kupima matende, vijidudu vya matende kwenye damu wanatokea usiku, ndo maana zamani watu walikuwa wanatolewa damu usiku wa manane, siku hizi kuna kipimo cha haraka cha tone la damu unapimwa muda wowote. Mbu wanaoeneza mijini kwetu ni wale wa kwenye vyoo na mitaro michafu. Kampeni ya dawa Tanzania bara ilianzia Mafia mwaka 2000, albendazole na ivermectin, kwa hiyo kama umekulia Dar au Pwani inawezekana kabisa ulishazimeza. Ila selulaitisi unaweza kuipata bila matende yoyote, msimtishe mwenzetu.

Mnaotibiwa nyumbani mniulize kuhusu kalamu. Tunafundishwa kuchora mstari kuzunguka sehemu iliyoathirika ili kesho tuone imepanda au imeshuka. Tatizo vitabu vinasema chora kwenye ukingo wa wekundu, sasa kwa ngozi zetu wekundu uko wapi? Kwenye ngozi nyeusi inaonekana kama weusi uliozidi au zambarau hivi, wakati mwingine haionekani kabisa. Tumia mgongo wa kiganja, anza juu kwenye ngozi yenye ubaridi wa kawaida shuka taratibu mpaka pale joto linapoanza, bonyeza usikie panapoanza kuuma na ngozi kuwa ngumu inayong'aa, hapo ndo uchore. Na tumia maka peni, ile ya bluu ya kuandikia jasho linafuta kabla hata hujalala.

Fundi Bomba Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi kazi yangu ni mabomba, na miguu iko majini kila siku kama wewe, na mguu wangu ulinifanya hivo hivo. Nataka kuuliza daktari, nilipoanza dawa ile siku ya pili ule mstari waliochora ugonjwa uliupita, nikaingiwa na wasiwasi nikaambiwa ngoja. Hiyo ni sawa? Halafu nilipewa diklofenaki na chemist mmoja, hospitali wakanikataza.

Afisa Tabibu

Fundi karibu. Ndiyo, ndani ya siku moja mbili za mwanzo inaweza kuuvuka mstari kidogo hata kama dawa inafanya kazi. Kinachoangaliwa ni mtu mwenyewe, homa inashuka, anakula, maumivu yanapungua, kisha ndo mguu unafuata nyuma nyuma. Siku mbili zikipita na homa iko pale pale na mguu unazidi, rudi, usiongeze dawa mwenyewe.

Diklofenaki na ndugu zake zinaondoa maumivu na homa vizuri mno, na hapo ndo tatizo, ugonjwa unaweza kuwa unachimba chini wewe unajiona nafuu. Tunapendelea parasetamo.

Niseme na ile hali mbaya ambayo ni nadra lakini ukiikosa unapoteza mguu au mtu. Maumivu makali kupita kiasi cha kile unachokiona kwa macho, mtu analia wakati mguu haujavimba hivyo. Ngozi kugeuka zambarau nyeusi au kijivu, malengelenge yenye maji ya damu, sehemu iliyokuwa inauma ghafla inakuwa na ganzi, ukibonyeza unasikia kitu kinachakarika chini ya ngozi. Inapanda kwa saa siyo kwa siku. Hiyo siyo ya vidonge, inataka upasuaji wa haraka siku hiyo hiyo. Pia mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kupumua haraka haraka, mikono ya baridi, mkojo kidogo, hayo ni ya kukodi gari usiku, hakuna kusubiri asubuhi.

Chaga Original

Mbona mnazunguka wakuu, si anunue kapsuli za rangi mbili apasue amwagie ule unga? Sisi tumepona hivyo toka utoto.

Nesi Mtarajiwa

Amwagie wapi sasa wakati kasema kidonda hana? Hii kitu iko chini ya ngozi kaka. Na hata kungekuwa na kidonda ule unga unaganda juu, unafunga uchafu kwa ndani, tukija kukisafisha mgonjwa ndo anatuchukia sisi.

Mpaa Samaki

Wakuu nimerudi, asanteni sana yani sikutegemea. Nilienda siku ile ile. Sukari wamepima iko sawa, presha sawa, wamenipumzisha na kunianzishia sindano za mshipa, homa imeshuka sasa nimeruhusiwa na vidonge. Kipimo cha matende wamechukua na chenyewe hamna kitu. Daktari kabla hata sijamaliza kueleza akavua soksi akapanua vidole, akamwita mwenzake njoo uone. Afisa Tabibu ni kama ulikuwepo, kidole kidogo na mwenzake katikati pamechanika mstari kabisa, na mimi nilikuwa najua tu kwamba panawasha, kila mtu Feri panamuwasha miguu. Nikawaambia na habari ya samaki kama ulivyosema, akaniuliza kama nimejichoma na mwiba, nikasema mikononi kila siku ila mguuni hapana.

Nimepewa na dawa ya kupaka ya fangasi. Mke sasa kaacha maji ya moto kahamia kwenye kanga za Mama Pangani, kanga yake nzuri hajaitoa lakini. Bibi bado na lake, kaniambia hata fangasi nayo inaweza kutumwa, sikumbishia.

Sasa kazi. Nimeambiwa nikae mguu juu, sawa, lakini mimi ni kibarua, nisipokuwepo mezani hamna hela, na nikirudi narudi kwenye maji yale yale. Wenye kazi za maji mnafanyaje?

Fundi Bomba Likoni

Afadhali ndugu yangu. Mimi nakwambia nilivofanya. Nina jozi mbili za buti, moja iko mguuni nyengine iko juani, sivai buti bichi hata kama nimechelewa kazi. Yakirudi nyumbani nayajaza magazeti ndani usiku, gazeti linavuta maji mpaka kwenye vidole kule ambako jua halifiki. Soksi za pamba nabeba tatu, saa nne nabadilisha, mchana nabadilisha. Wenzangu walinicheka wakaniita mchezaji mpira, sasa wengine wamefuata. Na buti likitoboka usilizibe kwa gundi mara mbili, litupe, buti lenye tundu ni baya kuliko kandambili.

Afisa Tabibu

Fundi kamaliza, mimi naongezea ya kitabibu tu. Ile dawa ya kupaka usiache siku kuwasha kunapokwisha, wengi wanaacha hapo na fangasi anarudi. Pakaa miguu yote miwili, hata usiowasha. Dawa nyingi zinatakiwa kuendelea wiki kadhaa, fuata ulivyoandikiwa.

Mguu juu maana yake juu ya moyo ukiwa umelala, siyo kuuweka kwenye kigoda umekaa, ingawa kigoda ni bora kuliko kuning'iniza. Usiku mto unadondoka ndani ya saa moja, kwa hiyo weka matofali mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa kuelekea miguuni, au kunja blanketi uliingize chini ya godoro. Kazini geuza kreti, kila ukipata mwanya kaa mguu uwe umenyooka juu yake, na ukiwa umesimama usisimame kama nguzo, inuka kwa vidole shuka, inuka shuka, kigimbi ndo pampu ya kurudisha maji juu.

Usitegemee uvimbe uishe siku dawa zinapoisha. Ngozi itabanduka, itawasha, weusi utakaa miezi, na uvimbe unaweza kukaa wiki kadhaa. Hilo siyo ugonjwa kurudi. Watu wengi wanaona weusi wanakimbilia dozi nyingine ya antibayotiki, haina kazi. Paka mafuta ya kawaida ya kulainisha ngozi isikauke na kupasuka, siyo katikati ya vidole.

Na kwa kuwa hii ni ya pili, ukirudi kliniki uliza habari ya kinga. Kuna utafiti wa Uingereza ulichapishwa mwaka 2013, watu 274 ambao selulaitisi ya mguu ilishawapata mara mbili au zaidi, nusu walimeza penisilini ya dozi ndogo mara mbili kwa siku mwaka mzima. Kwa waliomeza ugonjwa ulirudi kwa asilimia 22, wasiomeza asilimia 37. Ila walipoacha dawa, faida nayo ikaisha. Kwetu wengine wanatumia sindano ya penisilini ya kila mwezi, ile inayouma. Siyo ya kujianzishia mwenyewe na mwenye mzio wa penisilini asithubutu. Kwa mtu kama wewe mwenye fangasi ya wazi namna hiyo mimi ningeanza na vidole na uvimbe kwanza, penisilini ije baadaye kama ikirudi tena.

Kuhusu uvimbe, soksi za kubana. Huko Canberra Australia walilinganisha, watu 84 wenye miguu inayovimba na selulaitisi ya kujirudia, matokeo yalitoka 2020. Waliovaa vya kubana ilirudi kwa asilimia 15, wasiovaa asilimia 40, mpaka wakausimamisha utafiti mapema kwa sababu haikuwa haki kuwanyima wengine. Mimi nikisoma namba hizo naona tumezoea kumwaga antibayotiki wakati soksi inafanya kazi kubwa.

Jicho la Tatu

Dokta hapo kwenye soksi umenigusa, mama mkwe wangu mguu wake hivyo hivyo. Zinapatikana wapi na ni zile zile za wachezaji?

Afisa Tabibu

Siyo za wachezaji, hizo zinabana kwenye goti tu zinafanya mtaro juu. Za hospitali zinabana zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri zinavyopanda. Maduka ya vifaa tiba karibu na hospitali kubwa wanazo. Lakini kabla hujanunua, kwanza homa na maumivu yawe yameisha, hazivaliwi mguu ukiwa wa moto. Pili mtu mzima kama mama mkwe, hasa mwenye kisukari au mvutaji sigara, apimwe mapigo ya damu kwenye nyayo, kama damu inashuka kwa shida soksi ya kubana inaweza kumletea kidonda kibaya. Tatu msinunue kwa kukadiria saizi ya kiatu, mpime mzunguko wa kifundo na wa kigimbi asubuhi kabla hajashuka kitandani, uende na namba dukani.

Mpaa Samaki

Nimeelewa dokta. Homa hamna tena ila mguu bado una joto kidogo, nasubiri. Buti jozi ya pili mshikaji ananiuzia lake halina tundu. Hiyo kamba ya kupimia kigimbi nitaazima kwa fundi cherehani wa hapa nje, tatizo anaanza kazi saa tatu na dokta unasema kabla sijashuka kitandani, itabidi niichukue kwake usiku.